Asta Kjærulff, Aliyetia Dawa Ndani ya Gamba la Mwani

9 Aprili 1948 – 27 Februari 2019
Kanisa la Nederby, kisiwani Fur, Jumatano tarehe 6 Machi 2019

Wasifu huu unasomwa na Tove Kjærulff, mdogo wake marehemu, ambaye humu atatajwa kwa jina kama mtu mwingine yeyote. Si kwamba aliomba kuusoma. Marehemu ndiye aliyeagiza, na nyote mliomo humu mnajua kwamba Asta akishaagiza jambo, limekwisha. Mchungaji Ellen alishauri usizidi ukurasa mmoja na nusu ili uenee kwenye karatasi ya ratiba. Umezidi. Mchungaji atamwia Tove radhi, na wenye haraka ya kahawa wavumilie kidogo.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, saa mbili asubuhi, nyumbani hapa hapa Nederby, mtoto wa kwanza wa Laurids Kjærulff, fundi wa tanuri kwenye kiwanda cha matofali, na Karen, mshona nguo. Siku hiyo Baba alipandisha bendera uani, na majirani walikuja na keki. Tove alizaliwa tarehe 2 Novemba 1951, mvua ikimwagika, na bendera haikupandishwa. Mama alieleza maisha yake yote kwamba kamba ilikuwa imekatika. Hili linatajwa ili kumbukumbu ziwe sawa, basi.

Wasichana hao wawili walilala kitanda kimoja mpaka Asta alipoondoka nyumbani. Asta alilala upande wa dirisha, akiona maji na kivuko kikienda na kurudi. Tove alilala upande wa ukuta. Koti la Asta likimbana, lilikuwa koti la Tove, na viatu vivyo hivyo. Ukiwauliza wazee wa kisiwani watakwambia Tove alikuwa mtoto mnyamavu. Hakuwa mnyamavu. Alikuwa na kinyongo.

Kila mkesha wa Krismasi Mama alipika wali wa maziwa na krimu na kutia ndani yake lozi moja nzima, kama inavyofanyika kila nyumba. Anayeipata anapewa zawadi. Na kama kila nyumba, aliyeipata haruhusiwi kusema; anaificha shavuni, anaendelea kutafuna hivi hivi, ili wengine waendelee kula wakiitafuta mpaka bakuli liishe na matumbo yaume. Asta aliipata miaka sita mfululizo. Mwaka wa saba, 1960, Tove aliweka kijiko chini akalia.

"We Tove, unalilia nini?" Baba aliuliza.

"Anayo! Anayo tangu bakuli la kwanza! Mwangalieni shavu!"

Asta akafungua mdomo, a-a-a, kama yuko kwa daktari wa meno. Hakuna kitu. Wote wakacheka, Tove akala bakuli la tatu kwa hasira, na mwisho kabisa Asta akaitoa lozi chini ya ulimi. Aliponyoosha mkono kupokea zawadi yake alimwangalia mdogo wake na kumkonyeza. Marehemu alikuwa mcheshi, na watu walimpenda kwa hilo.

Mwaka 1956 toroli la matofali lilipinduka kiwandani likamvunja Baba muundi wa kushoto. Mfupa uliunga vibaya, kisha ukaingia vijidudu, na kwa miaka kumi na tatu mguu ule ulitoa usaha. Dawa alimeza. Alimeza dawa za kila rangi, lakini dawa ya kumeza huzunguka mwili mzima na kuufikia mfupa uliooza ikiwa imekwisha nguvu. Aliyebadilisha bandeji asubuhi na jioni alikuwa Tove, tangu akiwa na miaka tisa. Harufu ile anaijua mpaka leo. Baadaye, magazeti yalipoandika kwamba Profesa Kjærulff alichochewa na mguu wa baba yake, hayakukosea. Aliuona mguu ule mara nyingi, kila likizo.

Kwa maana Asta alikuwa masomoni. Alimaliza shule ya kisiwani mwaka 1962 akiwa wa kwanza, akachaguliwa kwenda sekondari ya juu Skive, na tarehe 23 Juni 1967 alivaa kofia nyeupe ya wahitimu. Lori la wahitimu lilivushwa kwa kivuko ili lipite hapa kijijini, vijana wakipiga kelele juu yake, na Mama alisambaza vinywaji uani akilia kwa furaha. Tove alibeba trei. Yeye alikuwa ameacha shule mwaka mmoja kabla, kwa sababu mtu alihitajika nyumbani kwa ajili ya mguu. Hakuna aliyemlazimisha. Waliuliza nani atabaki, na wote wakamtazama.

Baba alifariki Desemba 1969. Baada ya hapo Tove alipata kazi katika maabara ya kiwanda cha maziwa Skive, kupima maziwa, kuosha vyombo, kuhesabu vijidudu kwa hadubini. Alikuwa na jicho zuri, walisema. Asta naye aliendelea na chuo kikuu, akapata shahada, akapata ya pili, na mwaka 1977 akapata ile ya udaktari. Tasnifu yake ilihusu mwani.

Hapa lazima ielezwe kidogo, japokuwa nyote mmekulia juu ya kitu hiki. Udongo mweupe tunaochimba, ulioko kwenye majabali yetu na kwenye kuta za nyumba zetu, ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, uliokufa na kulundikana chini ya bahari ya zamani. Kila chembe ya mwani huo ilijijengea gamba la kioo lenye vitundu vya mpangilio, na gamba lenyewe lina nusu mbili, moja inaingia ndani ya nyingine kama mkebe wa peremende na kifuniko chake. Asta aliwaza hivi: gamba hilo ni tupu, ni dogo, na lina vitundu. Ukilijaza dawa ya kuua vijidudu ukalipachika ndani ya mfupa uliooza, dawa itavuja polepole kwa wiki kadhaa, pale pale inapotakiwa, bila kuzunguka kwenda kwenye masikio na vidole. Kioo chenyewe kitayeyuka taratibu, na mfupa mpya utashika mahali pake. Udongo wa kisiwani ulikuwa na majivu na uchafu mwingi, kwa hiyo aliamua kufuga mwani ulio hai, kwenye chupa, kwa maji ya chumvi na mwanga wa taa.

Ni wazo zuri. Tove alipoelezwa mara ya kwanza, jikoni, alijua pale pale kwamba ni zuri, na roho ilimuuma kwamba halikumjia yeye, aliyeuosha mguu ule kwa miaka.

Kuhusu ndoa. Tarehe 9 Aprili 1978 marehemu alitimiza miaka thelathini bila mume, na kama desturi ilivyo, kijiji kilimtengenezea kinu cha pilipili manga cha mapipa ya mafuta, kirefu kuliko mtu, kikasimamishwa mbele ya lango ili kila apitaye ajue. Kiongozi wa shughuli hiyo alikuwa Tove. Ni kweli kwamba aliifanya kwa moyo mkunjufu kupita kiasi. Wa kuunganisha mapipa alimpata Viggo Brandstrup wa kivukoni, ambaye Tove alikuwa amecheza naye dansi mara nne kwenye sherehe ya mavuno, na ambaye alikuwa amemwambia ana macho ya kijivu mazuri. Viggo, kaa tu, hili ni fupi. Asubuhi ile Asta alitoka nje na gauni la kulalia, akakitazama kinu, akauliza, "Nani fundi wa hiki? Kimesimama wima kuliko kanisa." Viggo akavua kofia. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 18 Agosti 1979, na Mungu aliwajalia binti mmoja, Ragna. Kwa hiyo Tove aliiandaa harusi ya dada yake kwa mikono yake mwenyewe, na mapipa yakabaki uani kwake miaka miwili kwa kukosa mtu wa kuyaondoa.

Mwaka 1981 Asta alipewa maabara yake chuoni Aalborg, akamwandikia mdogo wake: "Njoo. Siwezi kumwamini mtu mwingine na chupa zangu." Tove alikwenda. Watu walisema ni bahati iliyoje, dada kumkumbuka mdogo wake. Alifanya kazi hapo miaka thelathini na mitatu: kuulisha mwani, kuuhamisha kutoka chupa kuukuu kwenda chupa mpya, kuuchuja, kuyachemsha magamba kwenye tindikali, kuyakausha. Asta aliingia saa tatu, akasema "Habari za watoto?", akiwa na maana ya mwani, akachukua chombo cha unga mweupe uliokwisha tayarishwa akaenda nacho kwenye mikutano. Alirudi na picha. Katika picha zote alikuwa ameshika kile chombo.

Sasa Tove anafika mahali ambapo dada yake alimwambia asipaache.

Mwaka 1996 kazi ilianza kujaribiwa kwenye miguu ya kondoo, na matokeo ya kwanza yalikuwa mazuri. Dawa ilivuja kwa siku ishirini na moja, mifupa ikapona. Kisha, kuanzia mwanzoni mwa mwaka 1997, ikaharibika. Dawa ile ile, kondoo wa aina ile ile, lakini ilikwisha ndani ya siku tatu, na miguu ikaoza. Asta alibadilisha dawa. Alibadilisha tindikali, akabadilisha joto la tanuri, akabadilisha hata muuza kondoo. Hakuna.

Tove aliijua sababu tangu Februari. Aliiona kwenye karo. Kila Alhamisi alimimina mwani kwenye chujio, na kwa miaka yote chujio lilikuwa likiushika wote na maji yakatoka meupe kama maji ya kunywa. Alhamisi hiyo maji yalitoka na ukungu. Akaweka tone chini ya hadubini. Mwani ulikuwa unapita kwenye matundu ya chujio, kwa sababu ulikuwa umepungua ukubwa, na gamba dogo hubeba dawa kidogo inayokwisha upesi.

Ni hivi. Mwani huo ukizaa hujigawa, na kila mtoto huondoka na nusu moja ya mkebe. Aliyechukua kifuniko hujijengea nusu ya ndani, akawa sawa na mama yake. Lakini aliyechukua nusu ya ndani, hiyo ndiyo inakuwa kifuniko chake, naye hujenga nyingine ndani yake tena, ndogo zaidi. Kizazi baada ya kizazi ukoo unazidi kuwa mdogo, mpaka siku wale wadogo kabisa wanapooana na kuzaa mmoja mkubwa, na hesabu inaanza upya. Chuoni jambo hili linafundishwa mwaka wa kwanza. Lakini Asta alikuwa anahamisha ukoo ule ule kutoka chupa moja, kijiko kwa kijiko, tangu mwaka 1993, kwa sababu ulimletea sifa na hakutaka kuuchezea, na kwa miaka minne hakuinamia hadubini mwenyewe. Alikuwa na mtu wa kuinama.

Tove alinyanyuka kwenye hadubini akaenda hadi mlango wa ofisi ya dada yake. Mlango ulikuwa wazi. Asta alikuwa kwenye simu na mwandishi wa gazeti, anamsimulia mguu wa Baba. Anasimulia harufu. "Siwezi kuisahau harufu ile," alisema, "asubuhi na jioni, mimi na bandeji mkononi."

Tove aligeuka akarudi akaosha chujio.

Angeweza kusema siku iliyofuata. Hakusema. Alijiambia: aje aniulize. Aje mara moja tu, ainame, aseme, Tove, wewe unaonaje? Na siku akija nitamwambia. Machi ikapita. Kondoo wawili walichinjwa. Asta alianza kukonda, akaanza kulala ofisini, na Tove alimletea mkate mweusi wa nafaka ya rai na mayai, akamwekea mezani, akamwangalia akila, na moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa anasikia utamu. Kila Alhamisi maji ya ukungu yalishuka kwenye karo na yeye peke yake ndiye aliyeyaona.

Iliendelea hivyo miezi kumi na moja.

Tarehe 14 Januari 1998 alichinjwa kondoo wa tisa, jike mpole ambaye alizoea kumlamba Tove kiganja, na mguu wake ulipofunguliwa ilitoka harufu ya chumba cha Baba. Tove alikwenda mezani kwa Asta na chupa mbili. Moja ilikuwa ya ukoo ule wa kila siku. Nyingine ilikuwa chupa aliyoianzisha kwa siri dirishani tangu majira ya joto, ambamo wadogo walikuwa wameshaoana na kuzaa wakubwa.

"Huu umepungua," alisema. "Huu umerudi."

Asta aliinama kwenye hadubini muda mrefu sana. Aliponyanyuka uso wake haukuwa na rangi.

"Ahsante," alisema.

Hakuna alichouliza, si lini, wala tangu lini. Mwezi wa Aprili mifupa ya kondoo ilianza kupona tena, na makala ilipochapishwa mwaka uliofuata iliandikwa kwamba upungufu wa ukubwa "uligunduliwa." Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na shukrani kwa T. Kjærulff kwa msaada wa vyombo. Tove alikata ukurasa huo akautia kwenye droo ya visu, na kwa miaka ishirini kila alipochukua kisu cha mkate aliusoma.

Marehemu alipata uprofesa mwaka 2001, na medali mbili, ambazo Ragna ameziweka pale mezani kando ya maua. Alistaafu mwaka 2015 akarudi kisiwani na Viggo, kwenye nyumba ya wazazi. Tove alikuwa amerudi mwaka mmoja kabla, kwenye nyumba ndogo ya nyuma. Jioni walikuwa wanacheza karata, na Asta alikuwa anashinda.

Ijumaa tarehe 19 Oktoba 2018 marehemu alikuwa anachuma matofaa bustanini, ngazi ikateleza, akavunjika nyonga. Alipelekwa hospitali, akawekewa chuma. Katikati ya Novemba kidonda kilianza kutoa maji, na madaktari wakasema vijidudu vimeingia kwenye mfupa. Chuma kikatolewa. Dawa akapewa kwa mshipa, tena kali, mpaka figo zikaanza kulalamika. Alikuwa amelala pale, mtu aliyeitafuta dawa ya ugonjwa huo huo miaka arobaini, anawafundisha wauguzi kufunga bandeji.

Tarehe 10 Desemba barua ilifika. Kibali kimetoka. Unga wa Asta utaanza kutumiwa kwa wagonjwa, binadamu, kuanzia tarehe 2 Septemba 2019. Viggo alimsomea pale wodini, Asta akacheka, akapiga makofi, akasema Septemba ni mbali lakini atajitahidi. Daktari alitazama pembeni. Tove alirudi nyumbani kwa kivuko cha mchana, akavua kalenda ya jikoni ukutani akakaa nayo mezani. Alihesabu kurudi nyuma miezi kumi na moja, ile aliyonyamaza, kutoka tarehe 2 Septemba. Ikaangukia tarehe 2 Oktoba, siku kumi na saba kabla ya ngazi kuteleza.

Alihesabu tena kwa kidole. Ilikuwa vile vile.

Mkesha wa Krismasi saa sita mchana Tove alikwenda hospitali na bakuli la wali wa maziwa. Viggo na Ragna walikuwa wameshuka kunywa kahawa. Walikula wawili, bakuli moja, vijiko viwili. Lozi Tove alikuwa ameitia yeye mwenyewe, upande wa Asta, kwa makusudi. Asta alikuwa hawezi kula zaidi ya vijiko vitatu siku hizo, lakini siku hiyo alitafuna, akatafuna, akitazama dari, naye Tove akaendelea kula kwa sababu hakuna aliyesema kitu. Alilimaliza bakuli lote. Halafu Asta akatoa ulimi, na lozi ilikuwa juu yake.

"Hata leo?" Tove alisema. "Na mimi ninakula kama nguruwe!"

"Hata leo." Aliiweka kiganjani. "Haya, mimi nimetoa yangu. Na wewe toa yako."

"Ipi?"

"Tove. Miaka ishirini na moja umeibana shavuni. Hujachoka taya?"

Ndipo Tove alipomwambia yote: karo, Alhamisi, ukungu, simu ya mwandishi, mkate na mayai, kondoo. Akamwambia kuhusu kalenda. Zile siku kumi na saba alizitaja mwisho.

"Nilijua," Asta alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua kwamba unajua. Tangu Mei ile. Uliniletea mkate ukasimama kunitazama, na uso wako ulikuwa ule ule wa kwangu nikiwa na lozi. Nikasema, huyu ameshaiona."

"Sasa mbona hukuniuliza, Dada?" Tove hakuwa amemwita Dada tangu utotoni. "Neno moja tu! Nilikuwa nasubiri neno moja!"

"Ndiyo hilo lililonikaba." Asta aligeuza uso ukutani. "Mimi profesa, mdogo wangu. Nina chumba kizima cha vitabu, na aliyeona ni wewe, kwenye karo. Siku zote ni wewe. Unamgusa mgonjwa unajua anaumwa wapi. Baba alikuwa akikuita wewe usiku, hakuniita mimi hata mara moja, hata likizo, nikiwa nimelala karibu na mlango. Yule mwandishi nilimdanganya kuhusu bandeji kwa sababu nilitaka ziwe zangu. Nilikuwa nakufa kwa wivu, Tove. Nikasema afadhali nigundue mwenyewe kuliko nimuombe. Nikatafuta. Sikuona."

 Miaka sitini na saba Tove alidhani wivu ule ni mali yake peke yake.

"Halafu hiyo kalenda yako," Asta aliendelea, "ofisi ya vibali ingeila hiyo miezi yote kwa kunywa kahawa tu. Hujui kama ningepewa unga. Hujui kama ningepona."

"Na wewe hujui kama usingepona."

"Sijui," alikubali. Akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya shuka. "Februari, Machi, Aprili. Hiyo mitatu ni yako. Kuanzia Mei ni yetu wote, minane. Tugawane."

"Asta, acha mzaha."

"Sifanyi mzaha. Minne mimi, minne wewe. Na siku ya mazishi utasimama uyaseme, yangu na yako. Nimechoka kusifiwa kwa bandeji."

"Kanisani? Mbele ya watu? Watasema nini?"

"Watakwenda ukumbini watakula mkate na kunywa kahawa, Tove. Wataongea mpaka Pasaka, halafu kivuko kitaharibika wataongelea kivuko."

Marehemu alipokea huduma zote ambazo madaktari na wauguzi waliweza kumpa, na familia inawashukuru sana. Alifariki Jumatano tarehe 27 Februari 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Viggo akiwa amemshika mkono wa kulia na Ragna wa kushoto. Tove alikuwa amesimama miguuni, kwa kuwa hapakubaki mkono. Aliushika mguu wenye bandeji. Asta alifumbua macho akamtazama, akasema, "Hapo hapo," halafu hakusema tena.

Marehemu ameacha mume, Viggo. Binti, Ragna, na mkwe. Wajukuu wawili, Frode na Malene. Na unga wake mweupe, ambao kuanzia tarehe 2 Septemba utatiwa kwenye mifupa ya watu wasiomjua. Pia ameacha mdogo mmoja, Tove. Asta amekwenda na miezi yake minne. Tove amebaki na saba.

Bendera iko nusu mlingoti uani kwetu, na tukitoka makaburini itapandishwa hadi juu. Kamba ni nzima, Tove ameikagua asubuhi. Kaburi la familia lina nafasi mbili zilizobaki, na Asta amechukua ile ya upande wa maji, anakoonekana kivuko kikienda na kurudi. Alale hapo kwa amani. Hiyo nyingine, ya upande wa ukuta, isipewe mtu, mwenyewe ameshauzoea.